Sura ya Sita: Mbona Aliyetufunga Akija Kwetu Anapoa?

Swali hili huulizwa kila mwaka kuanzia Juni, ligi ikishafungwa na mashabiki wakibaki hawana mechi ya kubishania. Utalisikia Tandika sokoni, Mbagala Rangi Tatu, Manzese, Mwananyamala, na ndani ya daladala lililokwama foleni Buguruni. Mtu anataka kujua kitu kimoja tu. Huyu straika tuliyemsajili mwaka jana kwa mbwembwe, akapokelewa uwanja wa ndege kwa matarumbeta, msimu mzima kafunga mabao matatu. Kule alikotoka alikuwa moto wa kuotea mbali, na sisi wenyewe alitufunga. Kimemkuta nini?

Majibu ya haraka yapo, na yana wenyewe. Kalogwa na watani. Kadanganya umri. Viongozi wamekula cha juu. Sitaki kuyacheka majibu haya, maana mpira wetu umeshaona mengi. Lakini ukizipitia sajili kubwa za miaka ya karibuni, moja baada ya nyingine, unakutana na maelezo mepesi zaidi: klabu ilimnunua mtu, haikununua namna mipira ilivyokuwa ikimfikia. Sura hii inahusu hilo tu. Njiani tutaeleza pia maneno ambayo kila mtu anayatamka na wachache wanajua yanavyofanya kazi: dirisha, mkopo, mchezaji huru, kuvunja mkataba.

Kambi mbili za kijiweni

Nenda Tandika jioni ya Juni. Muuza kahawa kaweka birika juu ya jiko la mkaa, vikombe vimelala kwenye ndoo ya maji, sahani ya kashata iko mwisho wa benchi mahali ambapo kila mkono unafika. Waliokaa ni kinyozi, kijana wa mitumba, dereva wa bodaboda mwenye helmeti magotini, na mzee mstaafu wa bandari ambaye hakuna anayethubutu kumkatisha akianza.

"Mzee wangu, timu inapiga pasi arobaini halafu inamrudishia kipa. Bao litatoka wapi?"

"Wewe unataka kubutua. Ubutuliwe mbele, beki wao apige kichwa, urudi. Hapo umepata nini?"

"Napata kona, mzee. Kona nusu bao."

"Nusu bao! Ndiyo maana mna kona nyingi, kombe hamna."

Hizo ndizo kambi mbili, na mijadala mingine yote ya ushambuliaji ni matawi yake. Ya kwanza inataka mpira utulie, upigwe pasi fupi, mpinzani achoke kukimbia. Mashabiki wa Simba miaka ya 2020 na 2021 waliuita pira biriani: chakula cha sherehe, hakiliwi kwa haraka. Ya pili inataka mpira ufike langoni mapema, kwa kasi, kabla mabeki hawajajipanga. Msimu wa 2024/25 watu wa Yanga, chini ya kocha Sead Ramovic, walikuwa na msemo wao wa mwendo huo: gusa, achia, twende kwao. Mchezaji anagusa mara moja, anauachia, wote wanapanda. Ramovic alikuja Novemba 2024 akaondoka Februari 2025, lakini msemo ulibaki mdomoni mwa mashabiki kana kwamba ndiye aliyewafundisha kusema.

Ubishi wa namna hii si wa kwetu peke yetu. Marekani, kwenye besiboli, mchezo wa kupiga kwa gongo mpira unaorushwa, mashabiki hugombana vivyo hivyo. Wapo wanaotaka kila mpigaji aupeleke mpira nje ya uwanja kwa pigo moja, na wapo wanaotaka avumilie, asubiri mpira mbaya upite, afike kituo cha kwanza tu ili wenzake wamsogeze. Nao hawajamaliza kubishana.

Sasa angalia jambo ambalo kijiwe hulipita haraka. Kila kambi ina straika wake. Wapo wanaoishi ndani ya boksi, kazi yao kumalizia kwa mguso mmoja au kichwa. John Bocco, aliyepachikwa jina la Adebayor kwa urefu wake, alikuwa wa aina hiyo, na mwaka 2020/21 alimaliza mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 16. Wapo wanaotaka uwazi nyuma ya mabeki wapate kukimbia. Wapo wanaoshuka katikati kuufuata mpira, wanageuka, wanampasia mwingine afunge. Ukimweka mkimbiaji kwenye timu inayosogea taratibu, uwazi wake haupo, maana mpinzani mzima kashajipanga golini kwake. Ukimweka mtu wa boksi kwenye timu isiyopiga krosi, atasimama pale dakika tisini kama aliyepewa miadi na mtu asiyekuja.

Dirisha, dau na "thank you"

Kabla ya kwenda mbali, tuyaweke sawa maneno.

Dirisha ni kipindi ambacho klabu inaruhusiwa kuandikisha wachezaji wapya. Yapo mawili kwa msimu. Dirisha kubwa linakuja ligi ikishaisha, katikati ya mwaka. Dirisha dogo linakuja msimu ukiwa katikati, kwenye Desemba na Januari, na hili ni la kuziba matundu. Shirikisho la soka nchini, TFF, ndilo linalofungua na kufunga.

Dau ni pesa inayotolewa kumpata mchezaji. Hapa watu huchanganya mafungu mawili. Fungu la kwanza linakwenda kwa klabu yake, kama bado ana mkataba nayo. Fungu la pili ni la mchezaji mwenyewe, la kusaini, na hilo hutolewa hata kama hana klabu. Unaposikia mtaani kwamba fulani kaja kwa milioni kadhaa, uliza ni fungu lipi. Klabu zetu hazina desturi ya kutangaza, kwa hiyo tarakimu nyingi za kijiweni ni za kijiweni.

Mchezaji huru ni yule ambaye mkataba wake umekwisha. Anaondoka bila klabu yake kulipwa chochote. Zaidi ya hapo, kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kuzungumza na kusaini na klabu nyingine mkataba wake ukibakiza miezi sita. Ndiyo maana kila Januari unasikia kiongozi anahangaika kumwongezea mkataba nyota wake: Julai ikifika atampoteza bure.

Mkopo ni kumtoa mchezaji kwenda kwingine kwa muda, umiliki ukibaki. Jean Baleke alikuja Simba Januari 2023 kwa njia hiyo kutoka TP Mazembe.

Mchezaji akitoka nchi nyingine inahitajika hati ya uhamisho wa kimataifa, ile mashabiki wanayoiita ITC, ambayo shirikisho la nchi anayotoka huitoa kupitia mfumo wa kompyuta wa FIFA. Hati isipotoka, picha za uwanja wa ndege hazina maana. Na kwa misimu ya karibuni klabu ya Ligi Kuu imekuwa na nafasi 12 za wageni. Kwa hiyo zikijaa, kila mgeni anayekuja anamtoa mgeni mwingine. Hapo ndipo inapokuja "thank you", lile tangazo la kumuaga mchezaji mtandaoni ambalo limegeuka kitenzi cha mjini. Kapewa thank you, watu wanasema, na hakuna anayeuliza maana.

Wenzetu wa besiboli wana utaratibu ambao kwetu ungezua kesi. Klabu mbili zinaweza kubadilishana wachezaji mtu kwa mtu, na mchezaji akapewa taarifa tu kwamba kesho aripoti mji mwingine. Haki ya kukataa anakuwa nayo kwa kanuni akishatimiza miaka 10 kwenye ligi, mitano ya mwisho ikiwa kwenye klabu hiyo hiyo, au kama aliiandikisha ndani ya mkataba wake. Kwetu mchezaji lazima asaini mkataba mpya na klabu mpya. Yule shabiki wa kijiweni anayesema "tuwape wao kiungo, watupe straika" anasahau kwamba viungo nao wana midomo.

*Kwa ufupi: dau lina mafungu mawili, mkataba ukibakiza miezi sita mchezaji anaanza kuwa huru, nafasi za wageni zina kikomo, kwa hiyo kila usajili wa mgeni una gharama ya mtu anayeondoka.*

Tabia ya kumsajili aliyetuumiza

Juni 2018, mjini Nakuru, Gor Mahia ya Kenya iliifunga Simba 2-0 kwenye fainali ya michuano ya SportPesa. Mmoja wa wafungaji alikuwa Meddie Kagere, Mnyarwanda. Wiki chache baadaye Kagere alikuwa mchezaji wa Simba.

Agosti 2019 UD Songo ya Msumbiji iliitoa Simba kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Winga wao alikuwa Luis Miquissone. Januari 2020 Miquissone akawa Msimbazi, kwa Simba. Naye Februari 23, 2021, akaifunga Al Ahly ya Misri bao pekee la mechi pale Uwanja wa Mkapa, Temeke, na mwaka huo huo Al Ahly wakamnunua. Mwaka 2022 Stephane Aziz Ki aliikabili Simba akiwa na ASEC Mimosas ya Ivory Coast kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Katikati ya mwaka akasaini Yanga. Mbwana Samatta mwenyewe, mwaka 2011, aliondoka Simba kwenda TP Mazembe baada ya klabu hizo mbili kukutana.

Unaona mtindo. Na si mtindo wa kijinga. Klabu isiyo na mtandao mpana wa watu wa kutazama wachezaji nje ya nchi inamjua vizuri zaidi yule iliyemwona kwa macho, dakika 180, mbele ya mabeki wake yenyewe. Al Ahly wana pesa kuliko sisi sote na bado walifanya hivyo hivyo.

Shida ni kwamba mechi mbili zinakuonyesha mtu akiwa ndani ya timu yake. Hazikuonyeshi atakuwaje ndani ya yako. Kagere alifanikiwa, tena sana: mabao 23 ya ligi msimu wa 2018/19, mabao 22 msimu uliofuata, mfungaji bora mara mbili mfululizo. Lakini tazama dirisha lile lile la 2018 Simba ilimleta nani mwingine. Clatous Chama, kutoka Zambia, fundi wa pasi ya mwisho. Pasi ya mwisho ni ile inayomwacha mfungaji uso kwa uso na kipa. Simba haikusajili straika peke yake mwaka ule. Ilisajili mfungaji na mpishi wake siku zinazokaribiana, na msimu huo huo ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Kagere akiifunga Al Ahly Dar es Salaam, Chama akifunga la ushindi dhidi ya AS Vita Machi 2019.

Kijiwe humkumbuka Kagere kwa ile ishara yake ya kufunika jicho moja akishafunga. Chama anakumbukwa kwa vyenga. Kwamba wawili hao walikuwa usajili mmoja, hilo halisemwi.

Mayele aliondoka, mabao yakabaki

Mfano mkubwa kuliko yote uko upande wa Jangwani, kwa Yanga, na ningependa tukae hapa kidogo.

Fiston Mayele alikuja Yanga mwaka 2021 kutoka AS Vita ya Kinshasa. Msimu wa kwanza alifunga mabao 16, akazidiwa kwa bao moja na George Mpole wa Geita Gold. Msimu wa pili, 2022/23, alifikisha 17, akafungana na Saidi Ntibazonkiza wa Simba. Juu ya hapo alifunga mabao 7 kwenye Kombe la Shirikisho Afrika akawa mfungaji bora wa michuano, Yanga ikafika fainali na kulikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini mbele ya USM Alger: ilifungwa 2-1 nyumbani, ikashinda 1-0 Algiers. Watoto wa shule za msingi Temeke nzima walikuwa wanatetema, wakiiga anavyoshangilia bao. Ukimtazama alivyokuwa akicheza, alipokea mpira beki akiwa mgongoni, akaugeuza kwa upande wa nje, akapiga bila kuinua kichwa kuangalia goli liko wapi. Alijua liko wapi.

Katikati ya 2023 akauzwa Pyramids ya Misri. Kijiwe kikalia. Mabao 17 utayatoa wapi?

Yanga ikamleta Hafiz Konkoni kutoka Ghana. Hakufua dafu, dirisha dogo akaondoka. Akaletwa Joseph Guede. Lakini ubingwa wa 2023/24 haukusubiri straika. Novemba 5, 2023, Yanga iliifunga Simba 5-1, mapumziko yakiwa 1-1. Waliofunga ni Kennedy Musonda, Maxi Nzengeli mara mbili, Aziz Ki na Pacome Zouzoua. Kati ya mabao matano, moja tu lilitoka kwa mshambuliaji wa kati. Yaliyobaki yalitoka kwa watu wanaotokea nyuma yake. Kocha Miguel Gamondi alikuwa ameamua kwamba mtu wa mbele kabisa kazi yake ni kuwavuta mabeki, wengine waingie kwenye nafasi inayobaki. Simba ilimfukuza kocha wake siku chache baadaye.

Msimu ulipoisha mfungaji bora alikuwa Aziz Ki, kiungo, mabao 21. Wa pili Feisal Salum wa Azam, kiungo, mabao 19. Msimu uliofuata, 2024/25, mfungaji bora akawa Jean Charles Ahoua wa Simba, mabao 16, mengi yake ya penalti, naye kiungo. Misimu miwili mfululizo kiatu cha dhahabu hakikuvaliwa na namba tisa. Ukiwa kijiweni mwaka ule wa 2024 ungesikia mjadala mmoja tu: straika, straika, tuleteeni straika.

Hii haina maana kwamba Mayele alikuwa anabebwa. Juni 1, 2025, Pyramids ilitwaa ubingwa wa Afrika kwa kuifunga Mamelodi Sundowns, na Mayele alikuwa mmoja wa waliofunga siku hiyo. Alikwenda kwenye timu iliyokuwa inatafuta mtu wa aina yake hasa. Yanga nayo iliacha kumtafuta Mayele wa pili, ikabadilisha njia ya kwenda golini. Pande zote mbili zilipata.

*Kwa ufupi: mabao ya straika ni sehemu ya mabao ya timu. Akiondoka, klabu ina njia mbili: kumleta mtu wa aina ile ile, au kubadili namna ya kushambulia. Ghali zaidi ni kumleta mtu wa aina nyingine na kuendelea kucheza vilevile.*

Waliorudi, na waliovuka barabara

Miquissone alipofika Al Ahly hakupata nafasi, akapelekwa kwa mkopo Abha ya Saudi Arabia, na mwaka 2023 akarudi Simba. Shangwe zake zilikuwa kubwa. Baada ya msimu mmoja akaagwa. Mtu yule yule, jezi ile ile. Waliobadilika ni waliomzunguka: Simba ya 2021 iliyokuwa ikimpa mpira akiwa na beki mmoja tu mbele yake haikuwepo tena. Miaka miwili ya kutocheza mara kwa mara nayo haimwachi winga kama alivyokuwa, maana winga anaishi kwa kasi.

Chama ndiye habari ya mjini ya Julai 2024, alipovuka kutoka Msimbazi kwenda Jangwani. Kama ungehesabu kwa kelele, ule ulikuwa usajili mkubwa kuliko wote wa muongo. Uwanjani Yanga ilikuwa tayari na Aziz Ki na Pacome, watu wa eneo lile lile analocheza Chama. Akatumika zaidi kwa vipande vipande, na baada ya msimu mmoja akaenda Singida Black Stars. Sioni kosa la mchezaji hapo. Yanga ilifurahi kuwanyang'anya watani, na furaha hiyo inaweza kuwa na thamani yake ya jezi na viingilio, ila haikuwa na nafasi uwanjani.

Na imani ya kulogwa si yetu peke yetu. Boston, Marekani, walimuuza mpigaji wao mkuu wa besiboli, Babe Ruth, kwa New York Yankees mwishoni mwa 1919. Walikuwa mabingwa 1918. Hawakuuona ubingwa tena mpaka 2004. Mashabiki wa huko, watu waliosoma vyuo vikuu vikubwa vya dunia, waliiita laana, na wakaisimulia kwa wajukuu. Kwa hiyo anayesema straika wetu kalogwa asionewe sana.

Mkataba una meno: kesi ya Fei Toto

Desemba 2022 Feisal Salum, yule Fei Toto wa mashabiki, mtoto wa Zanzibar aliyekuwa kipenzi cha Yanga, aliiandikia klabu kwamba anaondoka. Aliingiza kwenye akaunti ya klabu Sh112 milioni, akiamini kiasi hicho kinatosha kuvunja mkataba wake. Yanga ikazirudisha. Januari 2023 kamati ya TFF inayoshughulikia hadhi za wachezaji ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Yeye akakaa nje. Miezi inapita, timu inafika fainali ya Afrika, mchezaji wake bora wa kiungo hachezi.

Kuvunja mkataba maana yake ni kuumaliza kabla ya muda wake. Kinachowachanganya wengi ni kudhani kwamba mchezaji akilipa anaondoka, kama mpangaji anayelipa deni la kodi. Inategemea mkataba unasemaje: kiasi gani, kwa wakati gani, na kama upande wa pili lazima ukubali. Kesi ya Feisal haikumalizwa na kifungu chochote. Juni 2023 Yanga ilipoalikwa Ikulu baada ya fainali, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaomba viongozi walimalize jambo la mtoto huyo. Siku chache baadaye alikuwa Chamazi, kwa Azam, ambao waliijenga safu yao kumzunguka. Yale mabao 19 niliyoyataja hapo juu ndiyo aliyoyafunga msimu wake wa kwanza huko.

Kesi nyingine inahusu pesa isiyofika. Januari 2013 Simba ilimuuza Mganda Emmanuel Okwi kwa Etoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Fedha hazikulipwa, jambo likafika FIFA, na kabla mwaka haujaisha Okwi akaonekana amevaa jezi ya Yanga. Shabiki wa Simba wa umri fulani bado hasimulii mkasa huo bila kushika kichwa. Usajili unahesabika umekamilika pesa ikiwa benki.

Mbagala na asilimia tano

Mijadala yetu yote inatazama nani anakuja. Nani anaondoka, na mtaa wake unapata nini, hilo halina kijiwe.

Samatta ni wa Mbagala. Alianzia kwenye timu iliyokuwa ikiitwa Mbagala Market, ambayo baadaye ikawa African Lyon, kisha Simba mwaka 2010, Mazembe 2011, Genk ya Ubelgiji 2016, na Januari 2020 Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Kila mchezaji kama yeye anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba haujaisha, kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya dau ikatwe na kugawiwa klabu zilizomlea tangu akiwa na umri wa miaka 12 hadi 23. Hiyo inaitwa mchango wa mshikamano.

Tuichukulie kwa hesabu ya kubuni. Kijana anauzwa kwa Sh1 bilioni. Asilimia 5 ni Sh50 milioni. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 unabeba sehemu ya 5 kwa 100 ya hizo milioni 50, na kila mwaka wa 16 hadi 23 unabeba 10 kwa 100. Timu iliyokuwa naye akiwa na miaka 16, 17 na 18 inastahili Sh15 milioni. Kwa timu ya Yombo au Kigogo hizo ni jezi, mipira, na nauli ya ligi ya wilaya kwa miaka.

Sharti ni moja: kijana awe aliandikishwa rasmi, karatasi ziwepo. Kipaji kilichokulia kwenye ndondo tu, yale mashindano ya mtaani yanayojaza uwanja kuliko baadhi ya mechi za Ligi Kuu, hakiachi nyaraka. Klabu kubwa ikija kumchukua, mwalimu wake wa kwanza anabaki na picha ya pamoja.

Ukikaa kijiweni dirisha likifunguliwa

Haya ni maswali ninayoyatumia mimi. Hayamalizi ubishi, ila yanaupeleka mahali pazuri zaidi.

- Mabao yake ya msimu uliopita yalifungwaje? Penalti ngapi, vichwa vingapi, mbio ngapi?
- Nani alikuwa anampa mpira, na sisi tuna mtu wa namna hiyo?
- Mkataba wake umebakiza muda gani? Tukisubiri Januari, bei inashuka?
- Ni mgeni? Basi nani anapewa thank you?
- Anayempisha alikuwa anafanya kazi gani isiyoonekana kwenye orodha ya wafungaji?

La mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo linalozigharimu timu.

Mwaka huu tetesi zikianza, usitosheke na klipu ya dakika mbili iliyowekewa muziki. Klipu haionyeshi mipira aliyopoteza. Tafuta mechi mbili tatu nzima za huyo straika, uzitazame na wenzako pale banda umiza, na macho yako yasimfuate yeye peke yake. Mtazame anayempasia. Kama huyo haji naye, na kwenu hayupo, waambie viongozi wako mapema, kabla hawajasaini.